Namna ya Kumpendekeza Mwanachama Katika Kamati za Chama cha Kisayansi

Barua ya kuwaalika wanachama kupendekeza wajumbe wa kamati huja mara moja kwa mwaka, na kwa kawaida huja wakati mikono imejaa: mitihani inasahihishwa, ripoti ya mradi inadaiwa, na sampuli zimo kwenye friji zikisubiri kupimwa kabla umeme haujakatika. Wengi wetu huisoma harakaharaka, tukaiweka kando tukiahidi kuirudia, na jioni ya siku ya mwisho tukaandika jina la mtu tuliyekaa naye kwenye kikao cha juzi. Hivyo ndivyo watu wale wale wanavyozungushwa kutoka kamati moja hadi nyingine mpaka wakachoka, huku wanachama wengine wenye uwezo wakikaa miaka bila hata kuulizwa.

Nimekuwa upande wa kutuma mapendekezo, na kwa miaka kadhaa nimekuwa upande wa kuyapokea, nikiwa mjumbe wa kamati ya mapendekezo ya chama kimoja cha kisayansi hapa Dar es Salaam. Fomu nilizozipokea zimenifundisha kwamba pendekezo zuri haliwezi kuanza na jina. Huanza na kazi ambayo kamati inatakiwa kuifanya katika muhula ujao, kisha ndipo anatafutwa mtu wa kuiweza, na barua inaandikwa kuonyesha kwamba anaiweza kweli. Hatua zifuatazo zimepangwa kwa utaratibu huo, na ninamsihi msomaji asizipindue.

Hatua ya kwanza: isome katiba ya chama

Vyama vingi vya kitaaluma nchini husajiliwa ama chini ya Sheria ya Jumuiya, Sura ya 337, ama chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002, na kwa njia yoyote kati ya hizo chama huwa na katiba iliyoandikwa. Mwombe katibu nakala yake pamoja na kanuni za kamati, kwa sababu katiba mara nyingi hutaja kamati kwa jina tu na kuacha taratibu zake kwenye kanuni.

Unapoisoma, tafuta kwanza nani anaruhusiwa kupendekeza: je, ni mwanachama yeyote, au ni tawi, au mtu anaweza kujipendekeza mwenyewe? Kisha angalia nafasi inajazwaje. Ziko kamati ambazo wajumbe wake hupigiwa kura na Mkutano Mkuu, ziko ambazo huteuliwa na Kamati Tendaji baada ya kupokea mapendekezo, na zipo nafasi zinazoshikwa na watu kwa wadhifa wao, kama vile Mweka Hazina katika kamati ya fedha, ambazo hazipendekezwi kabisa. Barua ya kumwombea mtu kura haifanani na barua ya kuwashawishi watu saba waliokaa mezani wakiwa na majalada mbele yao, kwa hiyo jambo hili ni la kulijua mapema. Angalia pia urefu wa muhula na ukomo wake, maana mtu aliyekwisha kuhudumu mihula miwili mfululizo huenda haruhusiwi kurudi hadi upite muda uliotajwa.

La mwisho katika hatua hii ni dogo, lakini ndilo lililoangusha fomu nyingi kuliko jambo jingine nililowahi kuliona: sharti la kuwa mwanachama hai. Katika vyama vingi maana yake ni mwanachama aliyelipa ada. Mwaka mmoja tulilazimika kuiweka kando fomu ya mtafiti ambaye sote mezani tulimtaka, kwa kuwa alikuwa na deni la ada la miaka miwili na tarehe ya mwisho ilikuwa imekwisha kupita. Aliyempendekeza hakujua, na mwenyewe alikuwa amesahau. Deni lile angelilipa kwa simu kwa dakika chache kama mtu angemkumbusha. Muulize Mweka Hazina hali ya ada ya mtu wako, na yako mwenyewe, kabla hujaandika mstari wa kwanza.

Hatua ya pili: ijue kazi ya kamati, si jina lake tu

Hapa ndipo panapostahili muda mrefu kuliko pote. Jina la kamati halielezi kazi yake. Kamati ya kongamano, kwa mfano, huonekana kama heshima ya kukaa meza kuu, lakini kazi yake halisi ni kupokea mihtasari ya mada, kuigawa kwa wahakiki, kuwafuatilia wahakiki wasiojibu, kupanga ratiba ya siku mbili au tatu, kukubaliana bei na mwenye ukumbi na mpishi, na kubadilisha yote hayo usiku wa kuamkia ufunguzi kwa sababu mgeni rasmi ameahirisha. Inamtaka mtu anayejibu simu, anayeweka orodha, na asiyekasirika upesi. Bingwa wa fani anayechukua wiki tatu kujibu barua pepe moja anaweza kuwa mtoa mada mkuu wa kongamano hilo. Mjumbe wa kamati yake asiwe.

Kamati ya tuzo ni kinyume chake. Haina pilika, ila ina majalada mazito ya kusomwa kwa utulivu, na ina siri ya kutunzwa miezi kadhaa katika jiji ambalo wanasayansi wake wanajuana, wamesomeshana na wameoleana. Inamtaka msomaji mvumilivu ambaye anaweza kuipima kazi ya mtu asiyempenda kwa haki ile ile anayompa rafiki yake. Bodi ya uhariri ya jarida inahitaji mtu anayeandika vizuri na kuheshimu tarehe. Kamati ya maadili inahitaji mtu ambaye mtuhumiwa na mlalamikaji wote wawili watakubali kukaa mbele yake, na sifa hiyo haionekani kwenye orodha ya machapisho. Kamati ya fedha inahitaji angalau mtu mmoja anayejua kusoma hesabu zilizokaguliwa na kuuliza swali bila kuogopa.

Njia bora ya kuijua kazi ni kumpigia mjumbe anayemaliza muda wake. Muulize kamati ilikaa mara ngapi mwaka uliopita, ilikaa wapi na saa ngapi, kazi gani ilifanyika nje ya vikao, na ni ujuzi gani uliokosekana. Swali hili la mwisho ndilo lenye dhahabu. Mjumbe mmoja wa bodi ya uhariri aliwahi kunijibu hivi: “Kamati nzima sisi ni watu wa baiolojia, na nusu ya miswada tunayopokea ina takwimu ambazo hakuna anayeweza kuzihakiki.” Kuanzia hapo sikuwa natafuta tena mtu mzuri kwa jumla; nilikuwa natafuta mtakwimu aliye tayari kusoma miswada minne kwa mwezi, na mtu wa namna hiyo anaweza kupatikana.

Suala la mahali na saa lisidharauliwe. Kikao kinachoanza saa 10:00 jioni Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kumalizika saa 12:30 kinamkuta mjumbe anayeishi Kigamboni au Mbagala katikati ya foleni mbaya kuliko zote za siku, na mwenye watoto wadogo nyumbani atakihudhuria mara mbili kisha atakoma. Ukijua hilo mapema unaweza kumweleza mtu wako ukweli, au kumshauri mwenyekiti vikao vingine vifanyike kwa njia ya mtandao. Tangu treni ya reli ya kisasa (SGR) ianze safari za Morogoro mwaka 2024, mjumbe kutoka Chuo Kikuu cha Sokoine anaweza kuja kikaoni na kurudi kwake siku hiyo hiyo, mradi kikao kipangwe kwa kuitazama ratiba ya treni.

Hatua ya tatu: tafuta majina nje ya korido yako

Ukishajua kazi, kaa na karatasi na uandike majina angalau sita kabla ya kuchagua moja. Majina mawili ya kwanza yatakuwa ya watu unaowaona kila siku. Jina la tano na la sita ndilo litakalokulazimisha kufikiri.

Dar es Salaam ina wanasayansi wengi mno wasioonekana kwa kuwa hawafundishi chuo kikuu. Mbali na Mlimani, Muhimbili na Chuo Kikuu Ardhi, wapo wakemia katika maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali na katika Shirika la Viwango pale Ubungo. Wapo watafiti wa uvuvi Kunduchi na watafiti wa kilimo Mikocheni. Wapo wataalamu wa fizikia ya mionzi katika Taasisi ya Saratani Ocean Road. Wapo mafundi sanifu wa maabara ambao wameshika vifaa kwa miaka ishirini na wanajua kwa nini vipimo vya watu vinaharibika. Wapo pia walimu wa fizikia na kemia wa sekondari, na kwa kamati ya elimu ya sayansi sioni kwa nini tuendelee kujaza maprofesa watupu ambao darasa la kidato cha pili waliliona mara ya mwisho wakiwa wanafunzi. Nje ya jiji wapo wenzetu wa Dodoma, Mbeya, Arusha na Zanzibar, ambao hulalamika, na wana haki ya kulalamika, kwamba chama cha kitaifa kimegeuka kuwa chama cha Mlimani na Upanga.

Kama huwafahamu, nyaraka za chama chenyewe zitakuelekeza. Chukua vitabu vya ratiba za makongamano yaliyopita na uangalie nani aliongoza kikao kikaisha kwa wakati. Mwombe mhariri wa jarida akutajie wahakiki wanaorudisha miswada mapema na kwa maoni yanayosomeka, ikiwa taratibu za jarida zinaruhusu. Waulize wakuu wa matawi ni nani hasa anayeandika ripoti ya tawi, maana anayeiandika na anayeitia sahihi mara nyingi ni watu wawili tofauti.

Kuhusu wanawake na vijana ninataka kusema jambo mahususi. Kosa la zamani lilikuwa kutowaona. Kosa la sasa, ambalo nimeliona kwa macho yangu, ni kumchukua mwanamke mmoja mwenye cheo na kumpachika katika kamati nne kwa mpigo ili kila kamati ionekane ina uwiano, mpaka anakosa muda wa utafiti uliomfikisha hapo. Kabla hujamwandika, hesabu kamati alizo nazo tayari. Zikizidi mbili, mwombe yeye mwenyewe akutajie wenzake watatu ambao hawajawahi kuulizwa. Mimi nimepata majina bora kwa njia hiyo kuliko kwa njia yoyote.

Wala usiliache jina kwa sababu tu unadhani litakataliwa. Mwaka 1902 Hertha Ayrton, mtafiti wa tao la umeme, alipendekezwa kuwa mwanachama wa Royal Society ya London, chama cha kisayansi kilichoanzishwa mwaka 1660. Wanasheria wa chama walitoa maoni kwamba mwanamke aliyeolewa hawezi kukubaliwa kwa mujibu wa hati ya kuanzishwa kwa chama, na akakataliwa. Lakini mwaka 1904 aliisoma makala yake mwenyewe mbele ya chama hicho hicho, na mwaka 1906 kikampa Nishani ya Hughes. Wanawake wa kwanza, Kathleen Lonsdale na Marjory Stephenson, walichaguliwa kuwa wanachama wake mwaka 1945. Waliompendekeza Ayrton hawakushinda mwaka ule, ila waliilazimisha taasisi iitaje sababu yake wazi, na sababu ikishatajwa watu wanaweza kuijadili.

Hatua ya nne: omba ridhaa, tena kwa sauti

Usitume jina la mtu bila ridhaa yake. Ninalisema hili kwa uchungu kwa sababu nimelikosea. Miaka ya nyuma nilimwandika mama mmoja aliyenifundisha kazi za maabara katika orodha ya kamati ya tuzo bila kumuuliza, nikiamini kwamba kumshtukiza ni sehemu ya kumheshimu. Jina lilisomwa mbele ya Mkutano Mkuu. Alisimama, akashukuru kwa adabu, akaeleza kwamba hataweza, akaketi. Na ukumbi mzima ulibaki ukijiuliza kwa nini. Baadaye nje ya ukumbi aliniambia tu, “Mwanangu, ungeniuliza.” Mumewe alikuwa amelazwa kwa wiki ya tatu. Nilikuwa nimemlazimisha aikatae hadharani heshima ambayo angeweza kuikataa kwa simu ya dakika mbili.

Piga simu au mwende mkaonane. Ujumbe mfupi hautoshi, kwani mtu huujibu “sawa” akiwa kwenye daladala bila kujua amekubali nini. Kwa mtu aliyekutangulia, mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

“Profesa, shikamoo. Nina jambo la chama, naomba dakika tano zako. Kama upo kwenye kikao nitapiga jioni.”

“Marahaba, mwanangu. Sema tu.”

“Tunatafuta mjumbe wa bodi ya uhariri anayejua takwimu. Nilisoma maoni yako kwenye ule mswada wa maji ya visima, na ndiyo yaliyonifanya nikufikirie. Ni muhula wa miaka mitatu, vikao vinne kwa mwaka, na miswada kama minne kila mwezi. Hakuna posho isipokuwa nauli. Si lazima unijibu leo.”

Katika maneno hayo yamo yote anayopaswa kuyajua: kamati ipi, muda gani, mzigo kiasi gani, pesa ipo au haipo, na kwa nini yeye. Sababu ya “kwa nini yeye” isiachwe kamwe, kwa kuwa mtu mwenye shughuli nyingi hukubali pale anapoona kwamba kazi yake imetazamwa kweli. Usimwahidi ushindi, na usimfiche kwamba wapo wengine watakaopendekezwa. Akikataa, mshukuru na umuulize kama angependa kuulizwa tena mwaka ujao, kisha uliandike jibu lake.

Akikubali, pata ridhaa kwa maandishi, hata kama ni barua pepe ya mistari miwili. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inawagusa pia wanaokusanya wasifu na namba za simu za watu kwa shughuli kama hizi. Mweleze taarifa zake zitasomwa na nani na zitakaa wapi, na usiwasambazie watu wasiohusika.

Hatua ya tano: andika barua inayotaja matendo

Kamati ya mapendekezo haimjui mtu wako kama unavyomjua wewe. Inaijua karatasi yako tu. Tazama aya hii, ambayo kwa namna moja au nyingine nimeisoma mara nyingi mno:

“Mpendekezwa ni mchapakazi, mwadilifu, mwenye ushirikiano mzuri na uzoefu wa muda mrefu katika fani yake. Ninaamini atakuwa hazina kubwa kwa kamati.”

Hakuna neno la uongo hapo, lakini hakuna lolote ambalo mjumbe anaweza kulishika. Aya hiyo inamfaa kila mtu. Sasa ilinganishe na hii, niliyoitunga kwa mfano:

“Nilifanya kazi na mpendekezwa katika kamati ndogo ya mihtasari ya kongamano letu lililopita, ambamo alikuwa katibu. Wahakiki watano walipojitoa wiki mbili kabla ya tarehe, aliandaa siku moja ya kuhakiki kwa pamoja, akawakusanya wanafunzi wa uzamivu na wasimamizi wao katika chumba kimoja, na mihtasari yote ikapata majibu kwa wakati. Pale ambapo msimamizi na mwanafunzi hawakukubaliana, aliandika sababu za pande zote mbili na kuziwasilisha kwa mwenyekiti bila kupendelea. Kamati ya kongamano ya mwaka ujao inatarajia mihtasari mingi zaidi, na utaratibu huo ndio inaouhitaji.”

Hapa msomaji anamwona mtu akifanya kazi. Barua imesema mwandishi anamjuaje mpendekezwa, imetaja tatizo moja, ikaeleza alilitatuaje, na ikaunganisha tendo hilo na haja ya kamati. Mambo hayo manne yakikaa kwenye ukurasa mmoja, inatosha. Kama mtu wako ana upungufu unaojulikana, kwa mfano hajawahi kukaa katika kamati ya kitaifa, utaje mwenyewe na ueleze kwa nini hauzuii. Wajumbe wataugundua kwa vyovyote, na barua iliyouficha itapoteza imani yao katika mengine yote iliyoyasema.

Orodha ya machapisho na iende kwenye wasifu, nao usizidi kurasa mbili au tatu. Wasifu wa kurasa ishirini na nne ulioandaliwa kwa ajili ya kupandishwa cheo haumsaidii mtu anayegombea kamati ya elimu. Mwombe aupunguze, aache yale yanayohusu kamati hiyo. Lugha iwe ile ambayo chama kinaitumia katika nyaraka zake. Ukiandika kwa Kiswahili, andika Kiswahili kamili, maana barua inayorukaruka kati ya lugha mbili huchosha, na wakati mwingine huficha kwamba mwandishi mwenyewe hajaamua anataka kusema nini.

Hatua ya sita: mwunga mkono na uhusiano wenu

Fomu nyingi hudai sahihi ya mtu wa pili. Mchague kutoka taasisi nyingine, na awe amemwona mpendekezwa kwa pembe tofauti na yako. Barua mbili zenye maneno yale yale, na nimewahi kupokea mbili zenye kosa lile lile la tahajia, humwonyesha msomaji kwamba mmoja aliandika na mwingine akatia sahihi.

Tangaza uhusiano wenu. Kama ulimsimamia shahada ya uzamivu, kama mmeandika makala pamoja, kama ni ndugu, shemeji, au mkuu wako wa idara, sema hivyo katika mstari wa kwanza. Uhusiano uliotangazwa hauharibu pendekezo, kwa sababu kila mtu huwajua vizuri wale aliofanya nao kazi. Uliogunduliwa baadaye ndio unaoharibu, tena humharibia asiye na kosa. Ikiwa wewe ni mjumbe wa kamati ya mapendekezo na mtu wako ndiye anayejadiliwa, toka nje ya chumba, na muhtasari wa kikao uandikwe kwamba ulitoka. Wala usipite kwenye makundi ya WhatsApp ukiomba watu wamwunge mkono, isipokuwa pale nafasi inapopigiwa kura na kanuni zinaruhusu kampeni.

Hatua ya saba: wasilisha mapema na upate ushahidi

Kuhusu saa, kuwa mwangalifu kuliko unavyodhani unahitaji. Tangazo likisema “mwisho ni saa 12:00”, uliza ni saa ya Kiswahili au ya Kiingereza, kwa kuwa mtu mmoja ataelewa adhuhuri na mwingine ataelewa jua linapozama, na hizo ni saa sita za tofauti. Tumewahi kupata fomu tatu zilizoingia katikati ya saa hizo, na ilibidi kikao kizima kijadili maana ya tangazo letu wenyewe. Tangu hapo tunaandika “saa 10:00 alasiri”, neno likiisindikiza namba.

Fomu zipige kwa skana; picha ya simu iliyopigwa chini ya taa ya njano, kivuli cha mkono kikiwa juu ya sahihi, haisomeki. Unganisha fomu, barua mbili, wasifu na ridhaa katika faili moja, na jina la faili liwe jina la mpendekezwa na la kamati. Faili liitwalo “fomu mpya ya mwisho 2” hupotea kati ya mengine kumi yaliyoitwa hivyo. Ukipeleka bahasha kwa mkono, hakikisha imeandikwa kwenye kitabu cha kupokelea barua na mpokeaji ametia sahihi. Ukituma kwa barua pepe, usiridhike hadi katibu ajibu kwamba faili limefunguka.

Hatua ya nane: baada ya kikao

Wajumbe wakishaamua, mpendekezwa ayasikie matokeo kutoka kwako au kwa katibu kabla ya kuyaona yamebandikwa. Aliyekosa ndiye wa kupigiwa kwanza. Mweleze kile unachoruhusiwa kumweleza, mshukuru kwa kukubali jina lake litajwe, na usimbunie sababu ya kumfariji. Kama kamati haikutoa sababu, mwambie haikutoa. Wewe mwenyewe una haki ya kumwomba katibu mrejesho wa jumla, kwa mfano kama barua ilikosa kitu au kama nafasi ilihitaji fani nyingine, bila kudai kujua nani alisema nini mezani.

Aliyechaguliwa mkutanishe na mjumbe anayemaliza muda, yule uliyempigia simu katika hatua ya pili. Saa moja ya kukabidhiana mafaili na maelezo, hata kama ni kwa chai katika mgahawa wa karibu na ofisi, humwokolea mjumbe mpya miezi ya kubahatisha.

Karatasi zote zihifadhi: orodha ya majina sita, majibu ya waliokataa na sababu zao, na barua uliyoiandika. Mwezi mmoja kabla ya tangazo la mwaka ujao, mpigie yule aliyekosa na umuulize amefanya nini tangu wakati ule. Kama bado yuko tayari, barua yake utakuwa nayo mkononi. Itahitaji tarehe mpya, tendo moja jipya, na risiti ya ada.